Arosto ya Riwaya: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Safari hii ukurasa ni wa watu wa kundi moja: walionasa kwenye mfululizo wa vitabu wakashindwa kujinasua. Barua ndefu tumezifupisha, na majina tumetumia yale mliyojipachika wenyewe.

"Sura moja tu" mpaka saa 8 usiku

*Ndugu wahariri, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro na huamka saa 11 alfajiri. Tangu nianze riwaya za Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, usingizi umenihama. Najiambia nasoma sura moja tu nilale, nikija kushtuka ni saa 8 usiku. Kutwa nasinzia juu ya kaunta, juzi nimempa mteja chenji ya noti aliyokuwa hajaitoa. Nifanyeje, bila kuambiwa niache kusoma?* – Macho Mekundu

Ndugu Macho Mekundu, kinachokuponza ni hiyo "sura moja". Mwandishi wa riwaya za upelelezi haikati sura pale mambo yalipotulia. Anaikata mlango ukigongwa, simu ikilia, au maiti ya jana ikionekana inatembea mjini. Ukijiwekea mpaka mwisho wa sura, umejiwekea mpaka juu ya mtego. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alimchezea mfalme mchezo huohuo: kukikucha anakata utamu, naye mfalme anaahirisha kumuua hadi kesho.

Kwa hiyo simama katikati ya sura. Kurasa mbili tatu za mwanzo wa sura kwa kawaida humalizia sekeseke lililobaki nyuma, halafu kinakuja kipande cha kupumua: watu wanasafiri, wanakula, wanapanga mikakati. Hapo ndipo pa kufunga kitabu. Kabla hujaanza kusoma, funua mbele pasipo kusoma, tafuta sura inayoanzia karibu na unapotaka kufika, hesabu kurasa tatu ndani yake, kisha chomeka kipande cha karatasi. Ukikikuta umefika, hata kama ni katikati ya aya.

Lakini ufike wapi? Pima mwendo wako. Weka saa, soma dakika 15 kama kawaida yako, hesabu kurasa. Tuseme ni 12. Basi kwa saa moja ni 48, na kitabu cha kurasa 190 kitakula takriban saa 4. Ukikifungua saa 4 usiku utakifunga saa 8, kama ulivyotuandikia. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, kwa hiyo wewe wa kuamka saa 11 unatakiwa uwe umelala saa 4. Anza kusoma saa 2 usiku, utapata kurasa kama 90, kitabu kizima kwa jioni mbili na kipande. Si haba.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: robo ya mwisho ya kitabu haina mahali pa kupumua. Sura zinakuwa fupi, matukio yanafuatana mkumbo, na mbinu ya kusimama katikati haifanyi kazi tena. Ukiona umebakiza kurasa 50, kitabu kiache hadi siku usiyokwenda dukani. Tena ukimaliza kimoja usiku, usikifungue kinachofuata "kuonja tu". Kiweke chumba kingine kabisa.

Kama unasomea kwenye simu, punguza mwanga, na simu ichajiwe mbali na kitanda. Mwanga wa kioo unauchelewesha mwili kujua kuwa usiku umeingia, na meseji zitakuamsha hata hapo ambapo kitabu kimeshakuachia.

Itaendelea, na salio limekwisha

*Habari za kazi. Niko Kahama. Rafiki aliniunga kwenye kundi la simulizi la WhatsApp. Sehemu 10 za mwanzo tulisoma bure, sasa ni kulipia: sehemu 5 kwa shilingi 500. Kila ikifika patamu, ITAENDELEA. Nimekuja kutazama M-Pesa hela ya matumizi imeyeyuka na hadithi bado mbichi. Nimeshakuwa teja?* – Mama Salio

Mama Salio, tuanze na hesabu, uteja tutaujadili baadaye. Shilingi 500 haiumi, na imewekwa hivyo makusudi. Simulizi ikiwa na sehemu 120 za kulipia, hayo ni malipo 24, sawa na shilingi 12,000, bado makato ya kutuma. Ungetajiwa 12,000 siku ya kwanza, ungefikiri mara mbili.

Kabla hujalipa hata mara moja, muulize mwuzaji mambo matatu: hadithi imekwisha kuandikwa? Ina sehemu ngapi? Yote kwa pamoja ni bei gani? Waandishi wengi huuza hadithi nzima kwa faili moja, na bei yake huwa chini ya jumla ya vipande. Akikuambia bado anaiandika, lipia kilichopo tu, usilipe kwa ajili ya sehemu za mwezi ujao. Mwandishi anaweza kuumwa, kupoteza simu, au kuchoka na hadithi yake mwenyewe.

Halafu linganisha urefu. Ichukue sehemu ya 3 na sehemu ya 40, uhesabu ni mara ngapi unaviringisha kioo mpaka mwisho. Ikiwa ya 3 ilikuwa vioo tisa na ya 40 ni vinne, huku sehemu nusu ni kurudia kilichotokea jana, bei imepanda zaidi ya mara mbili na hukuambiwa. Angalia pia namba ya simu iliyo kichwani mwa kila sehemu, penye jina la mtunzi. Ikiwa namba unayolipia ni tofauti, huenda unamlipa mtu aliyenakili kazi ya mwenzake, na hao ndio hupotea hadithi ikiwa sehemu ya 63.

Sasa uteja. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeingiza uraibu wa kamari na wa michezo ya video. Kusoma hakumo. Hata hivyo dalili zinazotumika huko ni kioo kizuri cha kujitazama: umeshindwa kujizuia, jambo hilo umelitanguliza mbele ya mengine yote, na unaendelea ingawa hasara unaiona kwa macho. Kwa michezo ya video hutazamwa kama hali imedumu kama miezi 12. Wewe umeshtuka na umeandika barua, kwa hiyo bado usukani uko mkononi mwako. Tenga kiasi cha mwezi, tuseme shilingi 3,000, kikiisha subiri mwezi mwingine. Ukiona umekopa ili ulipie simulizi, au ada ya mtoto imeguswa, hapo zungumza na mshauri nasaha, na kwenye kundi ujitoe.

Kuusaka mfululizo mzima wa Bwana Msa

*Assalaam alaykum. Niko Muscat, wazee wetu walitoka Unguja. Katika vitu vya marehemu babu nimekuta Kisima cha Giningi na nimeshakisoma mara tatu. Sasa nataka vitabu vyote vya Bwana Msa, sipumziki mpaka nivipate. Viko vingapi, vipangwe vipi, na nikimtuma mtu aninunulie, akague nini?* – Mjukuu wa Unguja

Waalaykum salaam. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi aliyeishi kati ya 1918 na 1991, alimwandikia mpelelezi wake Bwana Msa riwaya saba. Kwa mwaka wa kuchapishwa: Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na Kosa la Bwana Msa (1984). Ulichonacho ni cha pili.

Kila kitabu kina fumbo lake na kinajitosheleza, kwa hiyo anayeanzia popote hapotei. Ushauri wetu hata hivyo ni kurudi kwenye cha kwanza. Humo ndimo unamopata kumjua vizuri Bwana Msa na kiko chake, na namna anavyoshirikiana na Najum, mwenziwe, ambaye huona yote anayoyaona Bwana Msa na asiambulie kitu. Ukishazoea mazungumzo yao, vingine vinakwenda vyenyewe. Cha 1984 tungekiweka mwisho pasipo mjadala: kichwa kama kile kinamgusa tu mtu aliyekwisha kumwamini Bwana Msa vitabu sita mfululizo.

Usidanganywe na mwaka ulioandikwa kwa herufi kubwa. Fungua ukurasa wa pili au wa nne, penye jina la mchapishaji na haki za kunakili. Huko hupangwa chapa zote, ya kwanza na zilizofuata. Kwa msomaji, chapa ya baadaye ni kitabu kilekile na bei yake ni nafuu. Chapa ya kwanza ni ya mkusanyaji, na muuzaji anayejua hilo atakukamua.

Mtu wako akienda kwa wauza vitabu vya mtumba, kazi ya kwanza ni kurasa. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32. Kiwandani kitabu kikikosewa, huwa hakikosi ukurasa mmoja; linakosekana fungu zima, au linarudiwa mara mbili, au linaingia kichwa chini. Basi asifunue ovyo. Ashike pembe ya chini na kupitisha namba za kurasa kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Kwa kitabu chembamba ni dakika tatu. Kurasa za mwisho azitazame kwa makini zaidi, kwa sababu ndizo hung'oka kwanza zikisuguana na meza. Riwaya ya upelelezi isiyo na jani la mwisho, hata ya bure usichukue.

Kazi ya pili ni kubaini nakala ya fotokopi iliyopewa jalada. Dalili zake: maandishi yamelala upande kidogo katika baadhi ya kurasa, kivuli cheusi karibu na mgongo ambapo kitabu cha asili hakikulala vizuri kwenye mashine, karatasi nyeupe nzito kama ya ofisini, na picha ya jalada iliyofifia kingo. Nakala hizo husomeka, lakini maneno ya pembeni mwa mgongo mara nyingi yamemezwa.

Tatu, wadudu na ukungu. Vumbi la unga linalodondoka ukikigonga kitabu kwenye kiganja, pamoja na vitobo vya mviringo, maana yake mna wadudu ndani. Kitabu cha hivyo kikifika kwako usikichanganye na vingine. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, kiache mfuko ukiwa umefungwa siku nzima kirudi joto la chumba, vinginevyo unyevu utaganda juu ya karatasi. Ukungu wa pwani ni jambo jingine: kikaushe kivulini penye upepo, kikiwa kimesimama na kurasa zimetanuka kidogo, halafu upanguse kwa brashi laini kavu, nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua. Jua kali la Muscat usilitumie. Jalada litajikunja na gundi ya mgongo itapasuka.

Kile kisichopatikana kununuliwa, kitafute maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania hupokea kwa sheria nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu yake ya vitabu vya Afrika Mashariki. Huko utasoma palepale, hutaondoka nacho.

Muuaji nimetajiwa

*Mume wangu akinikuta na riwaya aliyokwisha kuisoma, ananitajia muuaji, kisha anacheka. Nifanye nini?* – Nimekereka, Tanga

Dada, soma hivyohivyo, ila badilisha unachokitafuta. Mfuate muuaji tangu anapoingia hadithini: amesema nini, alikuwa wapi, mwandishi amemfichaje mbele ya macho yako. Kwa riwaya iliyoandikwa vizuri huo ni utamu wa aina yake. Kwa ile mbovu utagundua kuwa ushahidi haukuwepo kabisa, na mumeo atakuwa amekuokolea muda. Kuanzia sasa nyumba inunue nakala moja tu, na wa kwanza kusoma uwe wewe.

Mtoto hali, hasikii, yumo kitabuni

*Hamjambo wahariri. Niko Mombasa. Mwanangu ana miaka 11, yuko gredi ya 6. Ameingia kwenye vitabu vya Harry Potter, sasa yuko cha pili. Kazi ya ziada haifanyi, chakula kinapoa, na usiku namfuma na tochi ndani ya shuka. Ninyang'anye?* – Mama Tochi

Hatujambo, mama. Usinyang'anye. Ukifanya kitabu kuwa adhabu, ndicho kitakachofichwa chini ya godoro. Ila ni vyema ujue mbele kuna nini. Katika chapa za mwanzo za Uingereza kitabu cha kwanza kina kurasa 223, cha pili 251, cha tatu 317. Cha nne kinaruka hadi 636, cha tano 766, na viwili vya mwisho 607 kila kimoja. Jumla ni kurasa 3,407. Kwa hiyo alichokifanya mpaka sasa ni mteremko tu, mlima uko mbele, na utaratibu ukiuweka leo utakuwa umewahi.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kama anaamshwa saa 11 na nusu alfajiri, taa izimwe saa 2 na nusu usiku, na kitabu kilale sebuleni pamoja na tochi. Siku za shule: kazi ya ziada kwanza, kisha kurasa 20. Kwa mwendo huo vitabu vyote ni siku 170 na ushei, karibu miezi sita. Mwambie hesabu hiyo mwenyewe, watoto wanaipenda. Wikendi mwachie huru isipokuwa wakati wa kula. Na umtahadharishe dakika 10 kabla ya muda kwisha, ili atafute mahali pa kusimama. Ukimpokonya katikati ya sentensi atakuwa na wewe mezani, akili iko kule.

Mhusika ana miaka 11 kitabu cha kwanza na 17 cha mwisho, na vitabu vinakua pamoja naye. Kuanzia cha nne vinakuwa vizito, na vifo vinaanza kuwagusa wanafunzi wenyewe. Soma sura za mwisho za kitabu hicho kabla hajakifikia, uamue kama asubiri mwaka. Na kwa kuwa vyote anavisoma kwa Kiingereza, kila akimaliza kimoja mpe kitabu chembamba cha Kiswahili kabla ya kinachofuata, la sivyo insha zake zitaanza kukiona Kiingereza ndicho lugha ya kufikiria.

Nimemaliza vyote, na hakuna kingine kinachopanda

*Nimemaliza hadithi zote za Sherlock Holmes na nina arosto kweli. Kila kitabu nikishika naona maji matupu. Nimejaribu vinne nimeviacha.* – Mpweke wa Nakuru

Pole. Hujaanza wewe. Conan Doyle alipomuua Holmes mwaka 1893, wasomaji wa jarida lililokuwa likichapa hadithi hizo walifuta usajili wao kwa hasira. Mwandishi alishikilia msimamo, akatoa riwaya moja mwaka 1901 iliyodai kuwa ya kabla ya kifo, na mwaka 1903 akamrudisha mzima. Umemaliza riwaya 4 na hadithi fupi 56; masikio yako yamezoea sauti moja kwa muda mrefu, na kila sauti nyingine sasa inakera.

Vitabu vinne ulivyoviacha, tunakisia, vyote ni vya upelelezi. Hapo ndipo penye tatizo: unavilinganisha. Kwa wiki mbili hama kabisa uwanja huo. Chukua tenzi, wasifu wa mtu, au diwani ya hadithi fupi za kurasa 8 hadi 10, usome moja kwa siku. Kitu kifupi hakidai uaminifu. Baada ya hapo rudi kwenye upelelezi kupitia Bwana Msa, ambaye anakaribiana na Holmes kwa kiko na kwa rafiki wa kumwuliza maswali, lakini anakaa Unguja na anazungumza Kiswahili. Kisha Willy Gamba wa Elvis Musiba, ukianzia Kufa na Kupona (1974). Huyu ni wa bastola na ndege, hafikiri kwa kiko. Joram Kiango wa Ben Mtobwa atafuata.

Kurudia Holmes usikimbilie. Subiri hadi usahau nani alifanya nini, walau miezi sita, kisha usome na penseli, ukitia nukta kila ushahidi ulipopandwa.

Kurasa zimeng'oka

*Kitabu changu kipenzi nimekiazimisha, kimerudi kurasa tatu ziko huru. Nitumie selotepu?* – Mwazimishaji, Dodoma

Hapana. Gundi ya selotepu hugeuka njano, hujikunja, na ukiitoa inaondoka na maandishi. Supaglu nayo hukauka ngumu, karatasi ikakatika kando yake. Tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala, kijiti cha meno, na vipande vya mfuko wa plastiki.

Panga kurasa kwa namba kwanza. Chukua jani moja, paka gundi kwa kijiti kwenye ukingo wa ndani tu, mstari wa milimita 2. Ikizidi itavuja na kuunganisha jani la jirani. Fungua kitabu pale panapohusika, lisukume jani mpaka liguse mgongo, hakikisha ukingo wa juu uko sawa na majani mengine. Weka plastiki pande zote mbili za jani, funga kitabu, kilaze chini ya vitabu vizito hadi asubuhi. Jani la pili libandike la kwanza likishakauka; ukiyabandika yote kwa mpigo yatateleza. Kama yaliyong'oka yanazidi kumi, gundi ya mgongo imekufa, mpelekee fundi wa kujalidi akishone.